Kazi za Nyumbani Zisizolipwa: Thamani Yake Hupimwaje?

Mama ntilie apikapo wali na maharage na kuwauzia makuli, kazi yake ni sehemu ya Pato la Taifa. Jioni awapikiapo wanawe chakula kile kile, kwa mkaa ule ule na jasho lile lile, kazi hiyo haimo katika hesabu. Tofauti haimo katika kazi, bali katika malipo.

Kasoro hii ilitambuliwa zamani. Mwaka 1920 mwanauchumi wa Uingereza, A. C. Pigou, alionyesha kwamba mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa hupungua, ingawa sakafu hufagiliwa kama kawaida. Mwaka 1934 Margaret Reid wa Marekani alitoa kanuni ya kubainisha kazi na mambo mengine: shughuli ambayo mtu mwingine anaweza kulipwa aifanye ni kazi ya uzalishaji. Kufua ni kazi, kwa kuwa dobi aweza kufua. Kulala si kazi, kwa kuwa hakuna awezaye kulala kwa niaba ya mwenzake.

Kupima muda

Hatua ya kwanza ni kupima muda. Watu huulizwa walivyotumia saa 24 za siku moja. Tanzania iliingiza maswali ya namna hiyo katika uchunguzi wa nguvukazi wa mwaka 2006. Ugumu wake ni kwamba kazi mbili hufanywa pamoja: mama hutwanga huku mtoto yu mgongoni. Mtafiti asipouliza, malezi hayo hupotea.

Kutia bei

Hatua ya pili ni kuzitia bei saa hizo. Njia ya kwanza hutumia ujira ambao angelipwa mtu mwingine kwa kazi hiyo. Njia ya pili hutumia kipato ambacho mwenyewe angekipata kama angefanya kazi ya malipo. Mathalani, mwanamke hufanya kazi za nyumbani saa 6 kwa siku. Ikiwa mtumishi hulipwa shilingi 500 kwa saa, thamani ya kazi hizo ni shilingi 3,000. Lakini ikiwa mwanamke huyo ni fundi cherehani apataye shilingi 1,500 kwa saa, njia ya pili itatoa shilingi 9,000.

Kila njia ina dosari. Sufuria iliyosuguliwa na daktari haing'ai kuliko iliyosuguliwa na mkulima. Kwa nini basi ithaminiwe zaidi? Kwa upande mwingine, ujira wa watumishi wenyewe ni duni, hivyo njia ya kwanza hurithi dharau ile ile inayokusudiwa kuondolewa.

Hata hivyo, makadirio yapo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku kwa kazi za namna hii, na zaidi ya robo tatu hufanywa na wanawake. Kwa kima cha chini cha mshahara, thamani yake ingefikia asilimia 9 ya pato la dunia.

Faida ya kupima

Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 1993 ulikubali kwamba kuteka maji na kukusanya kuni ni uzalishaji; kupika, kufua na kulea vikaachwa nje. Jambo hili si la vitabuni tu. Chukua kijiji chenye kaya 200, ambapo bomba lingeokoa saa 2 kwa kila kaya kila siku. Hizo ni saa 146,000 kwa mwaka. Mpangaji asiyezitia bei ataona bomba ni gharama tupu, na fedha zitakwenda kwingine. Aghalabu saa hizo ni za msichana ambaye angekuwa anadurusu masomo yake.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Kwa siku saba, kila mmoja na aandike saa azitumiazo kwa kazi za nyumbani. Kisha jumla ya wavulana na ya wasichana zilinganishwe ubaoni, na darasa lijadili sababu ya tofauti itakayoonekana.