Waliokataa Kupanda Gari la Masanga

Njia inayotoka Uvira ikifuata ziwa, ikapita Makobola na Mboko hadi Baraka, wengi wetu tunaijua. Ni njia ya soko, ya matanga, ya kwenda kuona wajukuu. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, gari la waasi wa Simba, ambao wazee wetu huwaita Wamulele, lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Komanda wao alikuwa Abedi Masanga. Tangu Mei mwaka ule waasi walikuwa wameushika mji wa Uvira, na neno la mwenye bunduki ndilo lilikuwa serikali.

Bruda Vittorio Faccin, Mwitaliano wa miaka 30, aliamriwa apande gari. Akakataa, wakampiga risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha watu. Akatoka, akamkuta mwenzake amelala chini. Naye akaambiwa apande. Akajibu kwamba kama ni kufa, afadhali afe hapo pamoja na ndugu yake, akapiga magoti. Usiku uleule Masanga alibisha hodi kwa mapadri wa Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akauawa, na baada yake Padri Albert Joubert.

Huyu Albert ni mtoto wa ziwa letu. Alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba, baba yake akiwa kapteni Mfaransa na mama yake, Agnes, mwanamke wa huku. Simulizi zinamsifu sana kapteni; mama anatajwa kidogo tu, kama kawaida.

Tarehe 18 Agosti 2024, palepale Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Lakini kuna swali tunalosikia kwa wamama: kupanda gari ni dhambi gani? Wangepanda, labda wangepona. Sisi tunaona kwamba gari lenyewe halikuwa kitu. Padri Luigi alitakiwa amwache ndugu yake kwenye vumbi, awaache na watu waliokuja kuungama, aende anakopelekwa na wauaji. Hapo ndipo amri ya mtu iligongana na amri ya Mungu ya kupenda. Mtume Petro na wenzake walifika mahali hapohapo walipokatazwa na baraza la Yerusalemu wasihubiri tena, wakajibu kwamba wa kutiiwa kwanza ni Mungu.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Kulipa kodi ya soko si dhambi, hata kama inauma. Mtume Paulo mwenyewe aliwafundisha Waroma kuheshimu wenye mamlaka. Mtu anayegombana na kila shefu kisha akasema anamtii Mungu, huyo pengine anatii hasira yake.

Swali la pili ni zito zaidi. Wale wanne hawakuacha watoto nyumbani. Hata Sista Anuarite Nengapeta, aliyemkatalia ofisa wa waasi na kuuawa kule Isiro siku tatu tu baada ya Baraka, alikuwa mtawa. Mama mwenye watoto sita atafanyaje akiamriwa ubaya?

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza. Farao aliwaamuru wakunga wawili, Shifra na Pua, waue kila mtoto wa kiume wa Waebrania. Hawakumpigia kelele. Walirudi kazini, wakawaacha watoto waishi. Walipoitwa kujieleza, walisema wanawake wa Kiebrania wana nguvu, wanazaa kabla mkunga hajafika. (Waliozalia njiani kuelekea maternite wanajua jibu hilo lilivyo karibu na kweli!) Nao hawakufa. Mungu aliwajalia jamaa zao wenyewe. Kumbe uhodari una namna nyingi, na mmojawapo ni akili ya mama anayefunga mlango, akaficha mtoto wa jirani, akanyamaza.

Na amri mbaya haiji siku zote na bunduki. Mara nyingi inakuja na bahasha. Goma, mwaka 2007, kijana Floribert Bwana Chui alifanya kazi mpakani katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Ulifika mchele ulioharibika. Wakubwa wa biashara walitaka aupitishe, wakamtolea pesa, akakataa. Wakasisitiza, akakataa tena. Alikuwa amemuuliza sista mmoja mganga chakula kile kingewafanyia nini watu. Kabla ya hapo jioni zake alizitumia na watoto wa barabarani katika jumuiya ya Sant'Egidio, kwa hiyo alijua ni nani hula mchele wa bei ya chini. Tarehe 7 Julai alitekwa; baada ya siku mbili maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma.

Katika mkutano wetu wa wiki hii, wauzaji wa unga, samaki na dawa tunaomba wakae mbele. Tutaongea juu ya mchele ule. Uliharibiwa wote, haukufika kwenye sufuria ya mama yeyote wa Goma.