Kasenga: Mashua Hutazamwa Nchi Kavu

Kwenye ukingo wa mto Luapula, pale Kasenga, kuna mashua iliyolazwa kifudifudi juu ya magogo. Mtu aliyezoea mitumbwi ya kuchongwa angetegemea kuona tumbo la mviringo. Hii ina mkuku: mti mmoja ulionyooka toka omo hadi tezi. Ukiinama kuchungulia ndani, unayaona mataruma yamepangwa kushoto na kulia, kila moja limekatwa kufuata pindo lake. Lamu au Unguja hakuna ambaye angegeuka kuitazama mara ya pili. Lakini Kasenga iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote. Chombo chenye mifupa ya baharini kimefikaje hapa?

Nilikuwa nimekwenda kutafuta jambo jepesi zaidi. Dubai na Genoa wana maonyesho ya mashua, yenye kumbi, tiketi na wauzaji waliovaa suti. Sisi wa Lubumbashi, ambao Jumapili zetu huishia Kipopo na soda mkononi, tungekwenda wapi tukitaka kuzitazama mashua kutwa nzima, na watoto wakarudi wamejifunza kitu? Jibu ni Kasenga, mwendo wa kilomita kama mia mbili. Hakuna tiketi. Ila lazima ujue utazame nini, na hilo nilifundishwa na fundi mwenye ile mashua iliyolala.

Ni mzee wa maneno machache, na hapendi jina lake liandikwe. Nilipomwambia kwamba nimekuja kuona mabwato, alinionyesha kwa nyundo zile zilizofungwa majini, zenye rangi na maandishi ubavuni, akatikisa kichwa. “Bwato yenye iko mu maji inakufichaka mambo,” alisema. “Yenye iko inje haina na pa kujificha.”

Kwa hiyo somo la kwanza la ukaguzi ni kuanzia juu, kwenye magogo. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole: mzima hulia, uliooza hunyamaza. Tazama vichwa vya misumari. Doa jeusi lililosambaa kuuzunguka msumari maana yake maji yamekwisha kupata njia. Kisha shuka ukingoni ukatazame ndani ya zile za rangi. Mashua kavu kabisa asubuhi isikufurahishe upesi, maana huenda mtu ameamka mapema akaifua maji kabla hujafika. “Bwato yote inakunywaka,” mzee alinisahihisha nilipouliza kama kuna isiyovuja. “Yenye haikunywe ni ile haijaingia mu maji.”

Kazi iliyonishika nikasahau hata njaa ni kukalafati. Mzee huchana pamba vipande virefu, akavisokota juu ya paja mpaka viwe uzi mnene. Huulaza uzi juu ya mwanya kati ya mbao mbili, akaushindilia kwa patasi butu, nyundo ikienda taratibu. Hatazami sana. Anasikiliza. Mwanzoni pigo hutoa sauti nene na tupu. Pamba inavyoingia, sauti inapanda na kukaza, na anapoisikia ile anayoitaka huacha papo hapo, hata kama jicho langu bado linaona nafasi. Hupiga hatua moja, akaanza tena. Mwanya mmoja toka omo hadi tezi ulikula muda mrefu kuliko nilivyokuwa na subira.

Nilimuuliza kwa nini asijaze mpaka mwisho. Alionekana kushangaa kwamba mtu mzima anauliza hivyo. Pamba ikilowa huvimba, na mbao nazo huvimba. Ukishindilia mno mashua ikiwa kavu, siku ya kuingia mtoni vitu viwili vinavyovimba vitasukumana na misumari itang'oka. Lazima uache nafasi ya maji kumalizia kazi. Ndiyo sababu haachi watu watumie nyuzi za nyavu za nailoni, ingawa zimejaa ukingoni bure: nailoni haivimbi.

Baada ya pamba huja gudroni, yaani lami. Inachemshwa katika kopo juu ya moto mdogo, moshi wake ukiuma macho, kisha hupakwa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mashua ikishageuzwa huingizwa mtoni na kuachwa makusudi inywe, ijae hadi mbao zishibe. Ndipo inafuliwa maji na kukaguliwa. Bahati ya mtembezi ni kufika siku hiyo, wakati wenyewe wanasimama kubishana kama mashua imepona.

Na ule mkuku? Historia yake inajulikana kwa sehemu. Reli ilipofika Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1910 na migodi ikaanza kukusanya watu, palihitajika chakula, na samaki wa Luapula na ziwa Mweru ndio waliokuwa karibu. Wagiriki walijenga biashara yao Kasenga, kama kilomita 160 juu ya ziwa kwa njia ya mto. Walileta vyombo vya mtindo wa kwao, wakavijaza barafu na kushuka ziwani. Kufikia mwaka 1950 walikuwa na vyombo kama hamsini, na samaki wakaanza kupungua vibaya, hasa pumbu, ambaye alikuwa akivuliwa wakati wa kupanda mto kwenda kutaga. Leo sahani nyingi za Lubumbashi zina tomsoni aliyegandishwa kutoka baharini, na ziwa linategemewa zaidi kwa chisense wadogo.

Nilimuuliza mzee kama mkuku wake umetoka kwa Wagiriki. Babu yake, alisema, aliwabebea Wagiriki mbao na barafu. Lakini yeye alijifunza kwa baba, na baba hakumwambia alijifunza kwa nani. Hakutaka kunipa zaidi ya hapo, nami sikuona haki ya kumalizia hadithi kwa niaba yake.

Nilimpa yangu moja. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha Elisabethville mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita kama kumi na mbili, zikiwa juu ya mabehewa ya treni kutoka Cape Town. Zilishushwa Fungurume, zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikapanda treni tena mpaka Bukama, zikafuata Lualaba hadi Kabalo, na mwishowe reli ikazifikisha ziwa Tanganyika kupigana na Wajerumani. Pengine hayo ndiyo maonyesho makubwa ya mashua ambayo mji wetu umewahi kuyapata. Mzee alisikiliza yote: bunduki, ng'ombe, milima. Kisha akauliza jambo moja tu: baada ya jua lote hilo, nani alizikalafati?

Sikuwa na jibu. Vitabu vinawataja makamanda.

Sasa mipango. Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia ikiwa kavu. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari upande wa Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na mvua nazo hukutesa barabarani. Ukienda miezi hiyo usitarajie kuona shughuli yote. Ondoka kabla ya jua kuchomoza, na kama una watoto panga kulala, maana kwenda na kurudi siku moja ni kuwachosha bure. Chukua kitambulisho cha kila mtu: ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, na watu wa uhamiaji, DGM, wana haki ya kukiuliza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Watoto wasiingie majini wala kuning'iniza mikono nje ya mashua, mamba hawajahama. Beba kofia, noti ndogondogo, na chombo cha kuhifadhia baridi kama utanunua samaki. Bukari na samaki wa kukaangwa utavipata huko huko. Vyombo vingi vinavyorudi na samaki hufika asubuhi, kwa hiyo anza na samaki mtoni, kisha tumia mchana kwa mafundi na kukagua mashua.

Ungependa sababu ya kwenda mapema? Kuna mradi wa barabara ya kutoka Kasomeno hadi Mwenda, Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula. Wafanyabiashara wanausubiri kwa hamu, na nani atawalaumu? Wenye mashua za kuvusha watu nao wanausubiri, kwa hesabu tofauti.

Mzee hana wasiwasi na daraja. Wavuvi hawavui juu ya daraja, anasema. Kinachomsumbua ni ubao. Mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, zamani ulikatwa karibu, na ubao mmoja ulitosha ubavu mzima. Sasa miti mikubwa iko mbali, na mbao zinazomfikia ni fupi. Ubao mfupi unamaanisha viungo vingi, viungo vingi vinamaanisha mianya mingi, na kila mwanya unataka pamba.

“Kazi yangu inaongezeka,” aliniambia akisokota uzi mwingine, “juu mabwato inazaliwa na magonjwa.” Mwenye mashua hulipa gharama ya pamba hiyo, naye huiongeza kwenye bei ya samaki. Nilimuuliza ni nani hatimaye anayelipia miti iliyokwisha. Akanitazama, akaniuliza samaki nanunua soko gani Lubumbashi.