Unanunua Friza Thika ama Ruiru? Angalia Haya Kabla ya Kulipa

Stima ikipotea usiku kucha, nyama na maharagwe ya wiki nzima yako hatarini. Tuangalie mambo manne:

1. Baridi: Ifike nyuzi -18 za Selsiasi. Nyama ikiganda polepole hutoa maji mengi ikiyeyuka, na utamu unapungua.

2. Mlango: Inayofunguka juu hushika baridi zaidi, kwa sababu hewa baridi hukaa chini.

3. Ukubwa: Iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48 bila stima, iliyojaa nusu saa 24, mradi usiifungue. Kwa hivyo usinunue kubwa ikae tupu.

4. Tokeni: Soma lebo ya EPRA. Nyota nyingi, stima kidogo.

Ukilipa kwa simu, hakikisha jina la duka kabla ya kuweka PIN. Usifute meseji ya malipo. Itakusaidia ukidai waranti.