Maneno Magumu ya Kiingereza

Zamani palikuwa na mgodi wa risasi huko Mpanda, na reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950, ilijengwa hasa kwa ajili ya kuchukua madini yake. Siku moja nilimpa mwanafunzi maneno haya ayafasiri: "Mpanda lead mine". Alikuwa kijana wa bidii, amehifadhi maneno mengi kwa moyo. Akaandika: "Mpanda ongoza yangu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana katika orodha yake "lead" ni kuongoza, na "mine" ni yangu. Hakusahau neno hata moja, lakini maana yote ilimpotea.

Alidhani ya kuwa kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja tu wa Kiswahili. Sivyo. Hata kwetu, mtu akisema "kaa", hatujui kama anatuambia tukae kitako, au ataja mnyama wa pwani, au kipande cha kaa la moto, mpaka tusikie maneno mengine. Jambo hili si dogo, kwa kuwa ninyi mtakaoingia sekondari mtafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani hauulizi orodha.

Basi neno gumu likikujia, kwanza lisome pamoja na sentensi yake yote. Kisha lichambue. Katika Kiswahili, ukijua "chukua", hushindwi na "mchukuzi" wala "uchukuzi". Kiingereza nacho kina mashina, na mengi yametoka katika Kilatini. Shina "port" maana yake ni kuchukua. Kwa hiyo "porter" ni mchukuzi. "Export" ni kupeleka bidhaa nje ya nchi, kwa kuwa "ex" ni nje. "Import" ni kuziingiza. "Transport" ni kuchukua vitu toka mahali hata mahali. Na "portable" ni kitu kinachochukulika. Kwa shina moja umepata maneno matano.

Lakini jihadharini. "Airport" si mahali pa kuchukua hewa! "Port" hiyo ni bandari, nayo yatokana na neno jingine la Kilatini. Kwa hiyo ukiisha kukisia, fungua kamusi. Usitosheke na maana ya kwanza. Soma zote, uchague ile inayopatana na sentensi yako. Halafu andika katika daftari sentensi nzima, si neno peke yake.

Yule kijana nilimrudishia daftari lake pamoja na kamusi. Baada ya kitambo akaandika, "Mgodi wa risasi wa Mpanda." Kisha akauliza mbona "lead" ya risasi hutamkwa "led", na ile ya kuongoza hutamkwa "liid", hali herufi zake ni zile zile. Nikamwambia hilo ni somo la kesho.