LANGO LA MACHU PICCHU: MJI MDOGO ULIOBEBA SIFA ZA MLIMA

Askari yeyote aliyepata kushika zamu langoni anajua jambo ambalo raia wengi hawalifikirii, nalo ni kwamba kambi hujulikana kwa lango lake. Kabla mgeni hajaiona ofisi ya mkuu wa kikosi wala uwanja wa gwaride, amekwisha kumwona mlinzi. Na kwa mavazi ya mlinzi huyo, kwa sauti yake na kwa jinsi anavyouliza habari, mgeni amekwisha kuipima kambi nzima.

Ndivyo yalivyo pia mahali mashuhuri ya dunia. Leo tunawaomba wasomaji wetu wafuatane nasi hadi ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika nchi ya Peru, magharibi ya Amerika ya Kusini. Huko juu ya mgongo wa mlima yamo magofu ya Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na Wainka zaidi ya miaka 500 iliyopita. Magofu hayo yamekwisha kusifiwa sana, na picha zake zimeenea kila mahali. Sisi tumependelea kuutazama mji ulioko chini yake, ambao kwa Kihispania huitwa Aguas Calientes, yaani Maji Moto, na ambao jina lake la kiserikali ni Machupicchu Pueblo. Kwa hakika mji huo ndio lango. Sifa zote ni za mlima, lakini mzigo wote ni wa mji.

Safari ya kwenda huko huanzia Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka. Cusco uko mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka nchi za chini huona pumzi ikimpungukia hata kwa kupanda ngazi chache tu. Lakini jambo la kushangaza ni kwamba aendaye Machu Picchu hupanda mlima kwa kuteremka. Magofu yenyewe yako mita 2,430, na mji wa Aguas Calientes uko chini zaidi, kiasi cha mita 2,040. Kutoka stesheni ya Ollantaytambo gari moshi huandama ukingo wa mto Urubamba. Milima mikavu huachwa nyuma kidogo kidogo, msitu wa kijani huanza, na bonde hubana hata ikawa hakuna nafasi ila ya mto na ya reli.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza kwa mtu wa jeshi. Hakuna barabara ya magari iunganishayo Aguas Calientes na Cusco. Chakula, vinywaji, gesi ya kupikia na saruji ya kujengea huletwa kwa reli, na hata mabasi yapandishayo wageni mlimani yaliletwa kwa njia hiyo hiyo. Asiyetaka au asiyeweza kulipa nauli ya gari moshi hulazimika kuzunguka mbali kwa magari hadi mahali paitwapo Hidroeléctrica, penye mtambo wa umeme, kisha atembee kwa miguu kiasi cha kilomita 10 akiiandama reli. Basi, mji huu unaishi kwa uzi mmoja. Maofisa waliosomea mambo ya ugavi wataelewa mara moja maana ya kituo chenye njia moja tu ya kupitishia mahitaji.

Historia ya mji wenyewe si ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na jamaa chache za wakulima tu. Ilipofika miaka ya 1920, wakati reli ilipokuwa ikijengwa, mahali hapo pakawa kambi ya wafanyakazi, penye mahema, vyuma na mashine. Reli ikakamilika hapo mwaka 1931. Kwa hiyo mji haukuzaliwa na watalii bali na watu wa sururu na koleo. Leo nyumba za wageni, migahawa na maduka ya vinyago na nguo za sufi yamepangana kwenye kingo za mto na za reli. Juu kidogo ya mji ziko chemchemi za maji moto zilizoupatia mji jina lake, na wasafiri waliochoka hujilaza humo kupumzisha viungo.

Kutoka mjini, mabasi hupanda mlima kwa njia ya kona kali zipishanazo kama nyoka, mwendo wa nusu saa hivi. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1948. Juu ndipo mgeni auonapo mji wa Wainka. Wataalamu wanauhusisha na mfalme Pachacuti, na uchunguzi wa mifupa uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi huko tangu karibu mwaka 1420. Wajenzi wake hawakuwa na vyombo vya chuma, wala hawakutumia magurudumu. Hata hivyo walichonga mawe na kuyapachika bila ya chokaa, yakashikana hata kisu hakipenyi. Walijenga matuta kwa ngazi juu ya mteremko mkali, na chini ya matuta hayo wakatandaza kokoto na mchanga ili maji ya mvua yapite bila ya kubomoa ardhi. Kazi hiyo ya chini haionekani, wala hakuna mgeni aipigaye picha. Lakini ndiyo iliyoushika mlima usiporomoke kwa muda wa karne zote hizo.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba katika habari mashuhuri kuliko zote za mahali hapo yumo askari. Tarehe 24 Julai mwaka 1911, Hiram Bingham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, alipanda mlima huo. Wenziwe wa msafara walibaki kambini. Aliofuatana nao walikuwa wawili: mkulima wa hapo aitwaye Melchor Arteaga, aliyekubali kumwonyesha njia kwa malipo ya sarafu moja ya fedha, na sajini mmoja wa Peru aitwaye Carrasco, aliyekuwa amepewa amri ya kuusindikiza msafara. Walivuka mto wenye nguvu juu ya magogo yaliyofungwa pamoja, Bingham akitambaa kwa mikono na magoti. Huko juu waliwakuta wakulima wakilima juu ya matuta yale yale ya kale, wakapewa maji ya baridi na viazi vitamu vilivyochemshwa. Bingham ameandika kwamba wakulima hao walipendezwa na makao yao kwa sababu hawakufikiwa huko na watoza kodi wala na watu waandikishao askari! Kisha mtoto mdogo wa kiume ndiye aliyewaongoza mpaka kwenye magofu.

Kazi ya Sajini Carrasco ilikuwa nini? Wakulima wale walisema Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima, naye Bingham alikuwa mgeni. Sajini huyo ndiye aliyekuwa kinywa na sikio la msafara. Dunia ikalishika jina la Bingham, ambaye baadaye, mwaka 1918, aliongoza kituo cha kufunza marubani wa jeshi la Marekani huko Ufaransa, na kisha akawa seneta. Jina la sajini linajulikana kwa wachache. Yafaa pia tukumbuke kwamba Bingham hakuwa wa kwanza kufika. Agustín Lizárraga, mtu wa Peru, alikuwa ameandika jina lake kwa mkaa juu ya ukuta wa magofu hayo mwaka 1902, na wakulima walikuwamo humo wakivuna mahindi. Hata hivyo sisi twaona kwamba sajini yule ametuachia somo bora: askari asiyejua lugha ya wananchi ni kiziwi mwenye bunduki.

Sasa tuje kwenye siku ambazo uzi ule mmoja ulikatika. Milima ya sehemu hizo haina urafiki na mvua kubwa. Mwaka 1998 maporomoko ya matope na mawe yaliufunika mtambo wa umeme ulioko chini ya bonde, yakaiharibu reli iliyokuwa ikiendelea mpaka Quillabamba, na tangu hapo gari moshi haliendi mbele ya Hidroeléctrica. Mwezi wa Aprili mwaka 2004 matope yaliushukia mji wenyewe wa Aguas Calientes, yakachukua roho za watu. Kisha ukaja mwezi wa Januari mwaka 2010. Mvua ilinyesha siku kwa siku, mto Urubamba ukafura na kuila reli mahali pengi. Wageni wapatao 4,000, wa Peru na wa mataifa mengine, wakajikuta wamefungiwa katika mji ule mwembamba, mto ukinguruma upande mmoja na mlima ukitisha upande wa pili.

Vyumba vilijaa. Wengine walilala ndani ya mabehewa, wengine stesheni, wengine nje penye uwanja. Chakula kilianza kupungua na bei zikapanda. Palipokosekana njia ya ardhini, helikopta zilitumwa, nazo zikawa zikiingia na kutoka katika bonde lile jembamba kila mara mawingu yalipofunguka kidogo. Kwa siku chache wageni wote wakatolewa, na magofu yakafungwa mpaka tarehe 1 Aprili mwaka 2010.

Lakini kazi kubwa ya siku zile haikuwa angani. Kazi kubwa ilikuwa penye foleni. Amri ilisema watangulie wazee, wagonjwa na watoto. Amri hiyo ni nyepesi kuandikwa, lakini kuitimiza mbele ya maelfu ya watu wenye njaa, waliolowa, wasioelewana kwa lugha, na ambao kila mmoja ana sababu yake ya kutaka kuondoka leo, ni kazi nzito. Yalisikika malalamiko kwamba wenye fedha walikuwa wakitafuta njia ya kutangulia. Hatuna haja ya kuyapima malalamiko hayo. Linalotuhusu ni hili: saa kama hiyo, mtu mwenye sare akimruhusu mmoja tu kuruka zamu, foleni yote hugeuka kuwa ghasia, na helikopta kumi hazitaweza kuirudisha heshima iliyopotea. Na akisimama imara kwa adabu, bila ya matusi wala kirungu, hata aliyekasirika hutulia, kwa kuwa anaona kwamba zamu yake itafika.

Mvua si adui wa pekee wa mji huu. Mwezi wa Machi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, magofu yalifungwa mpaka tarehe 1 Novemba, na mji uliozoea makelele ya maelfu ukanyamaza. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 machafuko ya kisiasa yalizuka nchini, reli ikazuiwa, wageni wakakwama. Na tarehe 21 Januari mwaka 2023 magofu yakafungwa tena, hata tarehe 15 Februari. Hatuingii katika siasa za nchi ya watu. Twasema tu kwamba kila lango linapofungwa, wa kwanza kuumia ni yule mdogo: mwenye kibanda, mpishi, mpagazi, mwenye vyumba viwili vya kulaza wageni. Mlima hauli wala haulipi kodi ya nyumba, nao utangoja.

Liko na tatizo la wingi. Magofu haya yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1983, na tangu hapo miguu ya watu imezidi kuongezeka juu ya mawe. Kwa hiyo serikali ya Peru imeweka kikomo. Katika mpango ulioanza mwaka 2024, walioruhusiwa ni watu 4,500 kwa siku, na 5,600 katika siku chache maalum. Kila mmoja huingia kwa saa yake na kufuata njia aliyoandikiwa. Wale wapitao kwa miguu katika njia ya kale ya Wainka, safari ya siku nne, hawazidi 500 kwa siku pamoja na viongozi na wapagazi wao. Mpagazi naye amewekewa kikomo cha uzito wa kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani. Sheria hiyo ya mizani yatupendeza, kwa maana humlinda mtu ambaye sauti yake ni ndogo.

Ndugu zetu askari na polisi, katika nchi zetu pia yako malango ya namna hiyo: penye mbuga, penye maporomoko ya maji, penye mipaka na viwanja vya ndege. Mgeni aliyesafiri maelfu ya kilomita huja kutazama mlima au mnyama, lakini wa kwanza kumpokea ni mmoja wetu. Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona ikiwa mgeni amenyang'anywa langoni, wala mgeni hataheshimu sheria ikiwa ameona sheria hiyo ikiuzwa.

Wainka waliufanya mji wao udumu kwa kokoto zilizotandazwa mahali pasipoonekana. Zamu ya usiku, foleni iliyonyoshwa, neno la upole kwa mtu aliyepotea, na kukataa shilingi isiyo halali, hizo ndizo kokoto zetu. Hakuna atakayezipiga picha. Lakini mvua kubwa itakaponyesha, ndizo zitakazoshika ukuta.