Saa ya Mbu: Hesabu ya Neti Katika Milima ya Kisii

Saa moja jioni, kituo cha Suneka hakijalala. Matatu za Migori zinaita abiria, ndizi bado zinauzwa kando ya barabara, mahindi yanageuzwa juu ya makaa na vijana wa boda boda wanasubiri mteja wa mwisho. Neti ziko nyumbani, zimefungwa fundo juu ya vitanda visivyo na mtu. Je, mbu naye saa hiyo yuko wapi?

Swali hili lina uzito katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Huku malaria haitulii mwaka mzima kama kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Huja kwa mlipuko, na kwa kuwa wengi hawana kinga ya kutosha mwilini, huwaangusha watu wazima pamoja na watoto. Mwaka 2002, Gucha na Kisii ya Kati, zilizokuwa wilaya wakati huo, zilikuwa miongoni mwa zilizokumbwa na mlipuko. Silaha zetu kuu, neti zenye dawa na kunyunyiza dawa kwenye kuta, zinategemea mbu aingie ndani; neti hutegemea pia aume usiku wa manane, watu wakiwa wamelala.

Watafiti waliamua kulipima jambo hilo karibu na hapa, Rachuonyo Kusini katika kaunti jirani ya Homa Bay. Kuanzia Juni 2011 hadi Mei 2012 waliweka mitego ya taa ndani na nje ya nyumba, wakitoa mbu walionaswa kila baada ya saa moja. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba sehemu ya hatari huwakuta watu kabla hawajaingia kitandani.

Mbu habahatishi saa yake ya kuuma. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, huko California, waligundua inzi wadogo ambao mpangilio wao wa siku ulikuwa umevurugika kwa sababu ya jeni moja tu. Jeni hiyo, iliyopewa jina period, ilitengwa mwaka 1984, na kazi iliyofuata ikawapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Jeni huagiza protini iitwayo PER itengenezwe. Protini hiyo huongezeka usiku, huingia ndani ya kiini cha seli na kuizima jeni iliyoizaa. Kisha huvunjwavunjwa, jeni inawaka tena, na mzunguko mzima huchukua takriban saa 24: hiyo ndiyo saa ya ndani ya mwili.

Mbu wa malaria ana saa ya aina hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walionyesha kwamba kwenye vipapasio vya mbu huyo, Anopheles gambiae, protini zinazobeba harufu huongezeka usiku, na wakati huohuo mbu hunusa vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, kabla ya kumtafuta mtu, mbu huwa tayari amenoa pua.

Hapo ndipo hesabu ya saa za kuuma inapoingia, nayo ina mtego wake. Tuseme mbu mmoja ameuma saa kumi na moja alfajiri na mwingine saa moja asubuhi. Jumlisha kumi na moja na moja, gawa kwa mbili: unapata saa sita. Iwe ya usiku au ya mchana, ni uongo. Katikati yao ni saa kumi na mbili. Kosa ni kuinyoosha siku kama rula, ilhali siku ni duara.

Kwa data ya duara kuna mkunjo wa uwezekano uliopendekezwa na Richard von Mises mwaka 1918. Unahitaji namba mbili: saa ya kilele, na kipimo cha jinsi matukio yalivyobanana kukizunguka kilele hicho. Kipimo kikiwa sifuri, mbu huuma sawasawa saa zote. Kikipanda, wanajazana kwenye saa chache. Ili uwezekano wote ujumlike kuwa moja, mkunjo hugawanywa kwa thamani inayotoka kwenye fungsheni yenye jina la Friedrich Bessel, mwanaastronomia wa Kijerumani aliyeshughulika na mienendo ya sayari. Thamani hiyo hupatikana kwa kujumlisha mfululizo usio na mwisho, na kompyuta hukomea pale usahihi unapotosheleza. Kukiwa na vilele viwili, magharibi na alfajiri, mikunjo miwili huchanganywa.

Baada ya hapo unachora mkunjo wa pili, wa binadamu: nani yuko nje, nani yuko jikoni, nani ameshaingia ndani ya neti, saa kwa saa. Mahali mikunjo miwili inapokutana nje ya neti ndipo maambukizi yanapobaki, hata kila nyumba ikiwa na neti za kutosha.

Hili halipunguzi thamani ya neti, kwani saa inazolinda ni nyingi. Ila linaonyesha pengo la kuzibwa kwa njia nyingine: nyavu madirishani, mianya ya paa kuzibwa, dawa ya kujipaka kwa wanaokaa nje hadi usiku. Mhudumu wa afya anapopita nyumba kwa nyumba, asiishie kuuliza kama neti ipo. Aulize pia watu wa nyumba hiyo hurudi saa ngapi, na kabla ya kulala hukaa wapi.