Mgeni Anayejiendesha: Mambo Yanayompasa Mwananchi wa Kandokando ya Barabara Kuyafahamu

Kila mwaka, masika yanapokwisha na kiangazi kuingia mwezi Juni, magari yenye mahema yaliyokunjwa juu ya paa huanza kuonekana katika barabara itokayo Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu na Karatu, hadi lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Ndani ya magari hayo huwamo wageni wasio na dereva wala mwongozaji. Wamekodi gari na kushika usukani wenyewe, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo safari ya kwanza katika bara la Afrika.

Mgeni aliyeletwa na kampuni ya utalii hukutana na wananchi kupitia mwongozaji, ambaye humtafsiria, humwelekeza na kumwonya. Anayejiendesha hana mtu wa kati. Mtu wa kwanza kumwuliza njia ni kijana wa bodaboda, mama lishe au mchungaji aliye kando ya lami. Kwa sababu hiyo usalama wake, pamoja na usalama wa watoto wanaovuka barabara mbele yake, hutegemea sana mwananchi kujua mgeni huyo anafahamu nini na hafahamu nini.

Mikono iliyozoea upande mwingine

Wageni watokao Ujerumani, Ufaransa au Marekani wamezoea kuendesha upande wa kulia wa barabara. Nchini Tanzania magari hupita kushoto na usukani huwa kulia. Hata kijiti cha indiketa na kile cha waipa huwa vimebadilishana nafasi. Kwa hiyo waipa zikianza kufuta kioo kikavu wakati wa jua kali, mwendesha bodaboda aliye nyuma atambue kwamba huenda dereva anataka kukata kona, akapunguza mwendo. Hatari ni kubwa zaidi mgeni anapotoka kituo cha mafuta au njia panda isiyo na magari, kwani mazoea yanaweza kumrudisha upande wa kulia bila kujua. Anayevuka kwa miguu atazame pande zote mbili kabla ya kukanyaga lami.

Lugha ya barabara isiyoandikwa

Dereva mwenyeji anaelewa kwamba matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani ni onyo la gari lililoharibika mbele. Anaelewa pia kwamba lori likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, huenda linamwambia aliye nyuma asilipite. Mgeni hajui lugha hii. Mwananchi aliye karibu anaweza kumsaidia kwa kumpungia mkono wa taratibu akiwa amesimama mahali salama nje ya lami.

Sheria iliyoandikwa ni rahisi kwake zaidi: mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Lakini sheria hiyo inahitaji alama zinazoonekana. Kibao kilichong'olewa ili kiuzwe kama chuma chakavu humnyima mgeni taarifa, na huweza kumgharimu mtoto wa mwenyeji uhai wake.

Saa na umbali

Lango la hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mgeni akitajiwa namba kumi na mbili kwa lugha yake, anaweza kufika adhuhuri. Anayeelekeza amwonyeshe saa ya mkononi au ya simu. Vilevile jibu la "hapo mbele tu" halimfai mtu anayepima mafuta yaliyosalia kwenye tangi. Atajiwe kilomita, au muda wa mwendo wa gari. Tena aelezwe kwamba lami nzuri huishia langoni, na kwamba gari lisilo na uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kuteremka kreta, ambayo kina chake ni mita zipatazo 600.

Watoto wasikimbilie magari

Zawadi ya pipi au kalamu inayotolewa dirishani huwafundisha watoto kukimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Siku moja hukimbilia gari lisiloweza kusimama. Wazazi na walimu wanaombwa kulikataza jambo hili kwa uthabiti. Mgeni anayetaka kusaidia aelekezwe kwa mwalimu mkuu wa shule au ofisi ya kijiji.

Fedha halali na manufaa yake

Ada za hifadhi hulipwa kwa mfumo wa kielektroniki na mlipaji hupewa stakabadhi. Hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kumtoza mgeni "ada ya njia." Vijana wanaosukuma gari lililonasa katika udongo mwekundu wakati wa mvua wana haki ya ujira, ila bei ipatanwe kabla ya kazi kuanza. Wenye nyumba za kulala wageni waandike kila mgeni kitabuni na kutoa risiti. Mapato ya ndani ya halmashauri ndiyo chanzo cha mikopo ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ushuru unaofichwa, basi, huwa umepunguzwa katika mkopo wa jirani.

Inapotokea ajali

Polisi wapigiwe simu namba 112 bila kuchelewa, majeruhi wahudumiwe kwanza, na mali za mgeni zilindwe hadi polisi wafike. Mgeni aliyetendewa haki wakati wa shida huwasimulia wenzake akirejea kwao, kama atakavyosimulia aliyeibiwa.

Wananchi walioona kibao kilichoanguka, kivuko kilichofutika au shimo barabarani wanaombwa kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata.